Eneo la Nchi za Uchumi wa Kati: Ardhi Haijasogea, Jumla Imebadilika

Kila Julai 1 Benki ya Dunia hupanga upya nchi kwa kipato, na siku hiyo jumla ya eneo la nchi za uchumi wa kati wa chini huweza kupanda au kushuka kwa mamia ya maelfu ya kilomita za mraba bila mpaka wowote kusogezwa. Julai 2025 Namibia, yenye kilomita za mraba 824,290, iliteremshwa kutoka kundi la uchumi wa kati wa juu ikaingia humo. Zambia ilitolewa 2022, ikarudi 2023. Sisi tuliingia Julai 2020: pato la taifa kwa kila Mtanzania lilihesabiwa kuwa dola 1,080, na kizingiti kilikuwa dola 1,036. Dola 44 za ziada zikahamisha kilomita za mraba 947,300.

Takwimu hii inatumika sana. Mwanafunzi wa Moshi anayeandika tasnifu, au shirika la Arusha linaloandaa andiko la mradi, huichukua ili kulinganisha misitu, barabara au msongamano wa watu. Nami naona inafaa kuwapo. Inakusanywa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa tafsiri moja kwa nchi zote: eneo lote ndani ya mipaka, pamoja na maziwa na mito. Bila kigawanyo cha pamoja, huwezi kuiweka India na Kenya kwenye jedwali moja ukaeleweka.

Matatizo huanza tunapoisoma jumla ya kundi kana kwamba ni ya ardhi pekee. Benki hutumia orodha ya wanachama wa sasa hata kwa miaka ya nyuma, kwa hiyo ukifungua takwimu za 1990 utaikuta Tanzania imo, ingawa wakati ule ilihesabiwa maskini. Utaratibu huo una mantiki, maana vinginevyo mstari wa grafu ungerukaruka kila mwaka. Lakini aliyepakua jedwali la 2019 na mwenzake aliyepakua la 2025 watapata jumla mbili kwa mwaka uleule, na wote wako sahihi. Katika nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu yake Arusha, ni Kenya na Tanzania tu zilizomo kundini kwa orodha ya Julai 2025. Siku DRC itakapovuka kizingiti, jumla itaongezeka kilomita za mraba 2,344,860 kwa mkupuo.

Kisha kuna maji. Nchi kavu ya Tanzania katika takwimu hizohizo ni 885,800. Pengo la 61,500 ni Victoria, Tanganyika, Nyasa na maji mengine ya ndani. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ukiiunganisha haifikii ukubwa huo. Wagawanye watu 61,741,120 wa sensa ya 2022 kwa eneo lote, unapata 65 kwa kilomita ya mraba. Kwa nchi kavu, karibu 70. Mvuvi wa Mwanza atasema ziwa ni mali, na ni kweli. Ila hakuna anayejenga nyumba juu yake. Na Ziwa Nyasa lenyewe lina mgogoro: Malawi inashikilia kuwa mpaka uko ufukweni kwetu, sisi tunasema uko katikati ya maji. Kwa hiyo hata idadi hiyo ya kilomita ina msimamo wa kisiasa ndani yake.

Jambo linalonigusa zaidi ni mteremko. Eneo la nchi hupimwa kama linavyoonekana kwenye ramani, yaani bapa. Mwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, huko Kibosho au Marangu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, akivuta kamba mita 100 kwenye mteremko wa digrii 30, mpima ardhi ataandika kama mita 87. Wengi huhisi wamepunjwa, na naelewa kwa nini: samadi hubebwa kwenye mteremko, matuta na uzio hufuata mteremko, mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, nao huteremka humohumo. Hata hivyo nipo upande wa mpima ardhi. Mgomba husimama wima, na mvua inayoangukia kihamba hicho ni ile ya eneo lake bapa. Mteremko hauongezi nafasi ya migomba kama kamba inavyodai. Unachoongeza ni kazi, na kazi haina safu katika jedwali la eneo.

Ndiyo maana sioni haja ya kuibadilisha namba. Naona haja ya kuacha kuipeleka mahali pasipo pake. Kuomba fedha za barabara za Rombo kwa kutumia wastani wa taifa wa watu 65 ni kuwapunja wananchi, kwa sababu mkoa wa Kilimanjaro una karibu watu 140 kwa kilomita ya mraba hata ukihesabu msitu wa hifadhi na theluji ya Kibo. Mkoani Arusha, Hifadhi ya Ngorongoro pekee ina kilomita za mraba 8,292, na humo hairuhusiwi kulima. Anayeandaa andiko aweke nchi kavu, aondoe hifadhi, aseme orodha ya nchi ni ya mwaka gani. Jumla ya kundi abaki nayo kwa kulinganisha nchi na nchi.