Dawa ya utando wa mitokondria: FDA waliharakisha au walichelewa?

Septemba 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa kibali cha haraka kwa elamipretide, dawa ya kwanza kabisa ya ugonjwa wa Barth. Kuna waliosema jamani hatimaye, na kuna waliosema ushahidi wenyewe uko wapi, na kiukweli wote wana hoja.

Kwanza huo ugonjwa. Mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nguvu ya mwili, ina utando wa nje na wa ndani, na ule wa ndani umekunjwakunjwa kama shuka la sita kwa sita lililosokomezwa kwenye foronya, na kwenye mikunjo hiyo ndo kuna mitambo ya kutengeneza ATP, yaani nishati inayotumiwa na seli. Kinachosaidia utando ukunjike na mitambo ishikamane ni mafuta yanaitwa kadiolipini. Sasa kadiolipini ikishatengenezwa lazima ifanyiwe marekebisho na protini inaitwa tafazini, na jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndo maana wagonjwa karibu wote ni wavulana. Jeni ikiharibika, kadiolipini nzuri inapungua, mikunjo inavurugika, mtoto anapata moyo uliopanuka, misuli dhaifu na upungufu wa seli nyeupe za damu. Daktari Mholanzi Peter Barth aliueleza mwaka 1983, jeni ikajulikana 1996.

Elamipretide inajishikiza kwenye kadiolipini. Kwa hiyo kwa maelezo tu dawa imekaa vizuri mno, na hapo ndo mimi naanza kuwa mgumu, manake maelezo mazuri yameshauza dawa nyingi zisizofanya kazi.

Jaribio lilikuwa na wagonjwa 12, kila mmoja akapewa dawa kwa wiki 12 na sindano isiyo na dawa kwa wiki 12. Kutembea dakika 6 hakukubadilika vya kutosha, uchovu vilevile. Wakaendelea na dawa bila kulinganishwa, umbali ukaongezeka kwa zaidi ya mita 90, ila hapo kila mtu anajua anachomwa nini, na mtu akijua anajikaza. Halafu kwenye jaribio lingine la watu 218 wenye magonjwa mengine ya misuli ya mitokondria, dawa hiyohiyo ikafeli.

Wanaotetea wanajibu hivi: ugonjwa wenyewe Marekani una wagonjwa kama 150 tu, wagonjwa mia tano wa kufanyia jaribio kubwa utawatoa wapi? Na lile la 218 lilichanganya magonjwa ambayo kadiolipini sio chanzo. Hoja hii naikubali kuliko zote. Utando kuvurugika saa ingine ni chanzo, saa ingine ni matokeo tu, moyo ukichoka kwa sababu nyingine kadiolipini nayo inaharibika. Kwa Barth tunajua kosa linaanzia hapohapo. Ila kujua kosa lilipo sio sawa na kujua sindano inalirekebisha ndani ya moyo wa mtoto.

Hata FDA wenyewe waliyumba. Oktoba 2024 kamati ya washauri ilipiga kura 10 kwa 6 kuunga mkono, Mei 2025 FDA ikakataa, miezi minne baadaye ikakubali kwa kigezo cha nguvu za misuli ya kunyoosha goti. Goti! Wakati kinachoua watoto hawa ni moyo na maambukizi. Tena kibali ni kwa wenye kilo 30 kwenda juu, wakati vifo vingi viko miaka ya mwanzo ya utoto.

Mimi bado nasema afadhali kibali kuliko kukataa, madhara yaliyoonekana zaidi ni ngozi kuwasha na kuvimba pale pa sindano, na kijana mwenye Barth hana pengine pa kwenda. Ila kibali cha haraka kina deni la kuleta ushahidi baadaye, na sijui nani atawapata wagonjwa wa kutosha, manake dawa ikishapatikana hospitali, mzazi gani atakubali mwanae achomwe sindano isiyo na dawa kwa ajili ya utafiti?