Reli Iliyofunikwa na Majani na Reli Iliyong'olewa

Ndugu zangu walioko Korogwe huniona mtu wa mzaha ninapowaambia kwamba ninaishi katika mji uliozaliwa na reli, wenye daraja la treni ambalo watu husafiri kutoka mbali kuja kulipiga picha, na kwamba katika miaka tisa niliyokaa hapa sijapanda treni hata siku moja. Mji wenyewe ni Lethbridge, kusini mwa jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Daraja lake la chuma, lililojengwa kati ya 1907 na 1909, lina urefu wa zaidi ya kilomita 1.6, na reli yake inapita karibu mita 96 juu ya bonde la Mto Oldman. Usiku husikia treni za mizigo zikilivuka polepole, behewa baada ya behewa, na mara nyingi usingizi hunichukua kabla behewa la mwisho halijapita. Mama yangu, ambaye amekulia jirani na stesheni, aliwahi kuniuliza kwenye simu: “Sasa mwanangu, treni zote hizo zinampeleka nani, wapi?” Nilimjibu kwamba zinapeleka ngano, mbolea na mafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi huko mizigo ndiyo inayosafiri.”

Sisi tulio ughaibuni tuna desturi ya kupima kila kitu cha nyumbani kwa kipimo cha huku, na mara nyingi nyumbani ndiko kunakoonekana kumepungukiwa. Katika suala la reli ninaomba kuwa na maoni tofauti. Baada ya kusoma kwa muda mrefu habari za njia ndogo za reli za magharibi mwa Kanada, nimeamini kwamba Wakanada walizijenga kwa ustadi na haraka ambayo sisi hatujawahi kuifikia, kisha wakazing'oa kwa haraka ileile. Nasi, kwa umaskini zaidi kuliko kwa hekima, tuliziacha nyingi za kwetu zilale chini ya majani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Anayesoma historia ya reli ya Kanada hukutana kwanza na ile njia kuu ya kutoka mashariki hadi Bahari ya Pasifiki. Jimbo la British Columbia lilijiunga na shirikisho mwaka 1871 kwa ahadi kwamba reli ingelifikia ndani ya miaka kumi. Ahadi ikachelewa, na msumari wa mwisho ukapigiliwa Craigellachie tarehe 7 Novemba 1885. Picha ya wazee wenye ndevu wakiuzunguka msumari ule ni maarufu mno, na kama ilivyo kawaida ya picha za namna hiyo, maelfu ya vibarua wa Kichina waliopasua miamba ya British Columbia, na mamia miongoni mwao wakafia humo, hawamo. Mwaka uleule wa 1885 serikali iliwatoza Wachina kodi ya kichwa ya dola 50 kwa kila aliyetaka kuingia nchini, na kufikia 1903 kodi hiyo ilikuwa imepanda hadi dola 500. Hayo yanajulikana, nami sitayarefusha. Kinachonivuta ni matawi, yaani zile reli za mkoa kwa mkoa ambazo ndizo zilizomwezesha mtu wa kawaida kuishi mahali alipo.

Chukua hii ya kwetu Lethbridge. Katika ardhi ya watu wa Blackfoot, kwenye kingo za Mto Oldman, kulikuwa na makaa ya mawe. Alexander Galt na mwanawe Elliott wakaunda kampuni ya kuyachimba, na mji ukapewa jina la William Lethbridge, aliyekuwa rais wa kampuni hiyo. Kwanza walijaribu kuyasafirisha makaa kwa majahazi na meli za mvuke, lakini mito ya tambarare hizi hukauka upesi na kina chake hakitabiriki, kwa hiyo mwaka 1885 wakajenga reli kutoka Dunmore, karibu na Medicine Hat, hadi kwenye migodi. Ilikuwa reli nyembamba yenye upana wa futi tatu tu, jambo lililonifurahisha sana nilipolijua, kwa sababu reli yetu ya Tanga, inayodharauliwa siku hizi kwa kuwa ni ya upana wa mita moja, ingekuwa pana kuliko hii ya Wakanada. Watu waliiita Njia ya Bata Mzinga. Mwaka 1890 kampuni ikafungua njia nyingine nyembamba kwenda kusini, ikavuka mpaka hadi Great Falls, Montana. Tatizo lilikuwa Dunmore: kwa kuwa njia kuu ilikuwa pana zaidi, kila kilo ya makaa ilibidi ihamishwe kutoka behewa moja kwenda jingine. Mwaka 1893 kampuni ya njia kuu, Canadian Pacific, iliikodi njia ya Dunmore na kuipanua, na miaka michache baadaye ikainunua kabisa.

Hapo nikakumbuka nyumbani, kwani reli yetu nayo ilianza kama jambo la mkoa mmoja. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi karibu miaka kumi baadaye, na kusudi lake kubwa lilikuwa mazao ya mashamba ya walowezi, mkonge ukiwa mbele. Hata sisi tulikuwa na kijireli chembamba zaidi, kile cha Sigi, kilichopanda kutoka Tengeni kuelekea Amani kufuata magogo. Galt aliondokea kwenye makaa akaishia kwenye mifereji ya umwagiliaji na miwa ya baridi, ndivyo ninavyoviita viazi vya sukari vya huku, ambavyo kiwanda chake cha kwanza katika eneo hili kilijengwa Raymond mwanzoni mwa miaka ya 1900. Reli ilikuja kwanza, zao likafuata, kisha watu. Na hakuna aliyewauliza Wablackfoot, kama ambavyo hakuna aliyewauliza Wasambaa na Wazigua.

Njia ninayoifikiria zaidi, hata hivyo, ni ya Calgary hadi Edmonton. Ilijengwa kati ya 1890 na 1891, takriban kilomita 300, ikakodishwa kwa Canadian Pacific, na ikakomea upande wa kusini wa Mto North Saskatchewan kwa sababu kuujengea daraja bonde lile refu kungegharimu mno. Mji wa Edmonton ulikuwa ng'ambo. Mwisho wa reli ukazaa mji mwingine, Strathcona, uliopata biashara yote huku wenyeji wa Edmonton wakiusikia mluzi wa treni kutoka upande wa pili wa mto. Ilichukua hadi mwaka 1902 ndipo kijireli kifupi kilipovuka kwenye daraja la chini na kuufikia mji, na mwaka 1912 miji hiyo miwili ikaungana. Vituo vya katikati, kama Red Deer, viliota kwenye njia hiyo. Leo huo ndio ukanda wenye watu wengi kuliko mwingine wowote katika Alberta, na treni ya mwisho ya abiria kati ya miji hiyo miwili iliondolewa mwaka 1985. Reli ipo, na mizigo inapita. Abiria ana barabara.

Januari moja nilikuwa na miadi ya hospitali Calgary ambayo nilikuwa nimeisubiri kwa miezi saba. Usiku theluji ikaanguka na upepo ukaipeperusha hata barabara ikafungwa. Nikasimama dirishani na koti langu na bahasha ya vipimo, nikaona kule mbali treni ya mizigo ikivuka daraja kana kwamba hakuna kilichotokea, taa yake ya mbele ikiyatoboa mawingu ya theluji. Miadi ilisogezwa mbele miezi mitatu mingine. Simlaumu mtu kwa theluji, lakini siku ile nilielewa vizuri maneno ya mama.

Msomaji anaweza kusema kwamba kuna mabasi. Yalikuwapo. Kampuni ya mabasi iliyomilikiwa na serikali ya jimbo jirani la Saskatchewan, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilifungwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata Greyhound nayo ikaacha karibu njia zake zote za magharibi. Kijana wa Handeni asiye na gari ana uhakika zaidi wa kufika mjini kuliko mzee wa kijiji cha Saskatchewan asiye na gari. Najua sentensi hiyo itawaudhi baadhi ya wenzangu wa huku, lakini waitafakari kabla ya kunijibu.

Matawi hayo yalikwendaje? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mkataba mmoja wa mwaka 1897. Serikali iliipa Canadian Pacific zaidi ya dola milioni tatu ili ijenge reli kupitia Crowsnest Pass, kutoka Lethbridge kuelekea migodi ya Kootenay, kusini mashariki mwa British Columbia. Kwa upande wake kampuni ikakubali kushusha nauli ya nafaka, na kuishusha daima. Kwa bei hiyo mkulima wa mbali aliweza kuuza ngano yake kwa faida, na kwa kuwa mkokoteni wa farasi ulipaswa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kampuni zilitandaza matawi kila upande na kujenga maghala marefu ya mbao kila baada ya kilomita chache. Katika miaka ya 1930 maghala hayo yalizidi 5,000. Lile neno “daima” liliishi hadi mwaka 1983, sheria ilipolifuta, na mwaka 1995 ruzuku iliyochukua nafasi yake ikaondolewa pia. Tangu hapo matawi yalifungwa moja baada ya jingine, reli zikauzwa kama vyuma, mataruma yakawa nguzo za uzio, na maghala ya mbao yakaangushwa ili nafaka ipelekwe kwa malori makubwa kwenye vituo vichache vya zege. Kwa hesabu ya kampuni ilikuwa sahihi. Gharama ya barabara zilizochakazwa na malori hayo ilihamia kwenye daftari la serikali za vijiji.

Sisi pia tumeng'oa, na haki inanitaka niseme. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kuanzia 1949 kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioshindwa, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikaondolewa, na watu wa kusini wanajua walichokipoteza. Lakini reli ya Tanga haikung'olewa. Treni za abiria zilikoma, na kwa zaidi ya miaka ishirini tuliokuwa vijana tulichunga mbuzi juu ya tuta na kuanika mahindi kwenye jukwaa la stesheni. Nilikwishakuwa Kanada mwishoni mwa 2019 treni ya abiria iliporudi hadi Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Iliweza kurudi kwa sababu njia ilikuwapo: tuta, madaraja, na kile kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi kilichojengwa mwaka 1963 kuiunganisha na Reli ya Kati. Ni ya polepole, na mvua huisumbua. Lakini mama ameipanda.

Huku, pale reli ilipobaki, watu wameipigania vilevile. Mji wa Churchill, kwenye Ghuba ya Hudson, hauna barabara ya kuufikia, na reli iliyofika huko mwaka 1929 ndiyo njia yake ya nchi kavu. Mafuriko ya mwaka 2017 yaliikata sehemu nyingi, bei za vyakula zikapanda, na mwaka 2018 umiliki ukabadilika, jamii za kaskazini, wakiwamo wenyeji wa asili, zikipata sehemu yake. Treni ikarudi mwaka huohuo. Serikali ya Alberta nayo mwaka 2024 ilitangaza kuandaa mpango mkuu wa reli za abiria, ambao ndani yake Calgary na Edmonton zinatajwa tena. Naupenda mpango huo, ingawa kila ninaposikia habari zake hujiuliza watalipa kiasi gani kununua upya ardhi ambayo babu zao waliigawia kampuni kwa kila maili ya reli.

Mpwa wangu anasomea uhandisi wa reli Dar es Salaam. Aliniomba picha za daraja la Lethbridge, nikamtumia, akafurahi sana. Kisha nikamtumia nyingine niliyoipiga kiangazi karibu na Kelowna, British Columbia, katika korongo la Myra. Reli ya Kettle Valley, iliyofunguliwa mwaka 1915 ili utajiri wa madini wa Kootenay usimezwe na reli za Marekani, ilipita hapo kwenye madaraja 18 ya nguzo pembeni mwa mlima. Mhandisi wake, Andrew McCulloch, alizipa baadhi ya stesheni za njia hiyo majina ya watu wa tamthilia za Shakespeare. Tawi lake la Coquihalla, lililozidiwa na theluji na mafuriko, lilifungwa kabisa mwaka 1961, na hapa Myra treni zilikoma katika miaka ya 1970. Moto wa mwaka 2003 uliunguza madaraja 12 kati ya hayo, nayo yakajengwa upya, kwa uangalifu na kwa fedha nyingi, kwa ajili ya waendesha baiskeli. Katika picha kuna familia moja inapita, watoto wamevaa kofia ngumu, na bonde liko chini yao.

Mpwa wangu aliitazama kwa muda, kisha akaniandikia: “Mjomba, daraja ni zuri sana. Reli iko wapi?”