Waraka wa Macnaghten haukumtaja muuaji

Mjadala wowote kuhusu mauaji ya wanawake ya mwaka 1888 huko Whitechapel, mtaa wa London, yanayohusishwa na muuaji asiyejulikana aitwaye Jack the Ripper, lazima ufike kwa watu watatu: Montague Druitt, Kosminski na Michael Ostrog. Majina hayo yameunganishwa na waraka wa ndani ulioandikwa tarehe 23 Februari 1894 na Melville Macnaghten, ofisa wa juu wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London. Wapo wanaouona kuwa orodha rasmi ya washukiwa. Wengine wanasema alizua majina ili kuwasafisha polisi. Hawa wa pili wana hoja nzito, lakini naona wanamwonea.

Waraka ule ulikuwa jibu. Siku chache kabla, gazeti la The Sun lilitangaza kuwa muuaji amejulikana. Aliyelengwa, bila kutajwa jina, ni Thomas Cutbush, aliyefungiwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili, tangu 1891 baada ya kumchoma msichana kisu kwa nyuma. Macnaghten aliandika kwamba yeyote kati ya wale watatu angeweza kudhaniwa kuliko Cutbush. Basi. Alilinganisha tu, hakushtaki mtu.

Na kuhusu Cutbush alijenga hoja vizuri. Kisu alichokutwa nacho kilinunuliwa mtaa wa Houndsditch, London, yapata wiki moja kabla ya kushikwa, miaka zaidi ya miwili tangu Mary Kelly, mmoja wa wanawake wale, auawe chumbani kwake Novemba 1888. Tena, mtu aliyefikia ukatili ule wa chumbani kwa Kelly angetulia muda wote huo, kisha aibuke kumdunga msichana na kukimbia?

Wanaomshuku Macnaghten wanakumbusha kwamba aliingia polisi Juni 1889, mauaji yakiwa yamekwisha, na kwamba alimwita Cutbush mpwa wa msimamizi mstaafu wa polisi. Watafiti waliofuatilia koo hizo hawajauona undugu huo. Lakini nani anayetaka kuficha jambo akaliandika mwenyewe kwenye jalada? Ni kweli, jalada lilikuwa la kusomwa na wakubwa wake, kwa hiyo kulitaja humo hakukumgharimu sana. Hata hivyo si mwenendo wa mtu anayefunika.

Linalonikera hasa ni umri wa Druitt. Macnaghten alimwita daktari wa miaka kama 41. Druitt alikuwa na miaka 31, wakili, na alifundisha shule huko Blackheath. Miaka kumi nzima, na kazi si yake! Mwili wake ulitolewa mto Thames tarehe 31 Desemba 1888, uchunguzi wa kifo ukafanyika hadharani, hivyo kuhakikisha kulikuwa kazi ya mchana mmoja. Ostrog ni aibu zaidi, kwa kuwa baadaye ilibainika kwamba wakati wa mauaji alikuwa jela Ufaransa. Kwangu makosa haya yanaonyesha mtu aliyeandika kwa haraka na kwa kumbukumbu. Anayemtungia mwenzake kesi huanza kwa kumjua.

Wenzake hawakukubaliana naye. Mwaka 1903 Abberline, aliyekuwa amesimamia upelelezi mitaani, alisema Druitt hana lolote ila kwamba alikufa wakati ule, akamnyooshea kidole George Chapman, muuaji aliyewapa wanawake sumu. Mwaka 1910 Robert Anderson, aliyekuwa mkuu wa idara ya upelelezi, alimtaja Myahudi wa Poland, bila jina. Polisi wa jeshi moja, majibu matatu.

Macnaghten alisema pia kwamba, kwa habari za faragha alizopata, familia ya Druitt yenyewe ilimshuku. Hakueleza habari hizo, na hapo siwezi kumtetea. Maana Druitt aliacha barua kabla ya kujiua, akihofu kuwa kama mama yake, ambaye mwaka uleule alikuwa amepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hofu hiyo inatosha kueleza kifo chake bila kumpeleka Whitechapel.