Huyo wa Nyuma Hapigi Pedeli

Leo tena. Nimetoka zangu kununua vocha, peke yangu, kwa miguu, bila baiskeli wala mke nyuma yangu, kijana wa bodaboda pale kona akapaza sauti: "Mzee, huyo wa nyuma hapigi pedeli!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Maneno hayo nimeyasikia kutoka Moshi hadi Tanga, kilomita kama 350, tulizopiga kwa baiskeli mimi na mke wangu, mama Neema. Nimeambiwa kwa Kiswahili, kwa Kipare, kwa Kisambaa, na mara moja kwa honi ya lori.

Baiskeli yenyewe ni ile ndefu ya viti viwili. Pedeli jozi mbili, usukani mmoja. Tuliuziwa na wazungu, mtu na mkewe, waliopanga kufika nayo Cape Town wakaishia Moshi. Bei ya kutupa. Mimi niliiona bei tu, sikujiuliza kwa nini wale wawili waliondoka kila mmoja na ndege yake.

Hesabu alipiga mama Neema. Moshi iko juu, zaidi ya mita 800, Tanga iko baharini. "Kwa hiyo, baba Neema, ni mteremko mtupu." Ningebishana na mita? Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi 1911. Sisi tukajipa siku nne.

Hesabu ile haikuwa na kusi ndani yake. Mwezi wa saba upepo unatoka huko huko unakokwenda, umekukazia kifuani kama mtu anayekudai. Hata mteremko inabidi uupigie pedeli. Aliye mbele anaupokea wote. Aliye nyuma amejibanza kwenye mgongo wangu, anakula karanga. Sikumwona, lakini maganda yanasikika.

Na ubaya wa chombo hiki ni kwamba pedeli za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa mnyororo. Zangu zikizunguka, zake zinazunguka, apige asipige. Hakuna mahakama duniani itakayojua nani anasukuma na nani anasindikizwa.

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa sijafika Upareni.

Mimi Mchaga, tunaosemwa kwa hela, mama Neema Mpare, wanaosemwa kwa kupenda kesi, mengine mnayajua. Kabla ya Hedaru mnyororo ukachomoka. Tukasimama chini ya mwarobaini, wazee wanne wanacheza bao. Nikawaamkia kwa adabu zote, nikainama kurudisha mnyororo. Mmoja wao, mwenye koti zito katika jua lile, akauliza bila kuinua macho: "Mkwe, huyo binti yetu anapiga pedeli au umempakia?"

Lilikuwa swali la salamu tu. Ningecheka, likaisha. Mimi nikajibu: "Mzee wangu, tangu Same hajapiga."

Kete zikawekwa chini.

Nikaletewa kigoda, nikaambiwa nirudie maelezo, polepole. Mama Neema naye akakifungulia Kipare, kile ambacho nyumbani anadai amekisahau. Nilielewa neno moja, "Mchaga", na lilirudi mara nyingi. Mwenye koti akanigeukia: "Mlalamikaji una shahidi?" Nikasema shahidi ni mapaja yangu. Wakanong'onezana. Mapaja ni ya mlalamikaji mwenyewe, yana maslahi, hayapokelewi.

Ikaamuliwa lifanyike jaribio. Mimi nishike usukani tu, miguu juu, binti apige peke yake. Baiskeli ikaenda. Ikaenda vizuri! Watoto wanatukimbilia, mimi nimekunja miguu kama kuku aliyefungwa kwenye keria, na ule upepo, ule ule wa tangu Moshi, ukatulia tuli.

Hukumu: binti anapiga, mkwe amemsingizia. Faini, soda za wazee wote na za watoto walioshuhudia, "maana Mchaga hakosi hela ya soda." Nikauliza habari ya rufaa. Rufaa ina soda zake. Makande tuliyopewa baadaye yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo, ila mama Neema alipakuliwa kwanza.

Sasa jamani. Kama anaweza, kule kote tangu Same alikuwa wapi? Nilimuuliza. Akasema: "Hukuniomba." Niombe! Mtu amekaa juu ya pedeli, miguu iko kwenye pedeli, pedeli zinazunguka, nimwandikie barua? Nimetoa mahari, nimetoa soda kumi na moja, bado na pedeli niziombe!

Mombo tulilala. Korogwe pancha. Kwenye mashamba ya mkonge mama Neema akanihadithia kutoka nyuma, akiwa na pumzi zake zote, kwamba mkonge uliletwa mwaka ule ule wa 1893, miche 1,000, ikafika 62 iliyo hai. Mimi nikajiona miongoni mwa ile mingine. Muheza tukanunua gunia la machungwa, msiniulize nani alilibeba.

Tulirudi na basi. Konda akaitazama baiskeli juu hadi chini, akasema ina viti viwili, kwa hiyo nauli mbili.

Sasa hivi iko uani, imeanikiwa nguo. Matairi yameisha upepo, na pampu jirani aliiazima tangu Pasaka, "naileta sasa hivi". Nimemtuma Neema mara mbili. Mara ya kwanza karudi na salamu. Mara ya pili karudi na papai. Papai lenyewe bichi.