Jani zima la mshubiri si la kunywa

Nimetumiwa tena ile video ya kutia jani zima la mshubiri kwenye blenda, ganda na utomvu wake, eti unywe kila asubuhi usafishe tumbo. Chini yake mtu ameuliza kama mjamzito naye anaruhusiwa. Akajibiwa: kunywa tu, ni mti, hauna kemikali. Jibu hilo limenikasirisha kweli.

Kata jani la mshubiri ulisimamishe kwenye bakuli. Kutoka chini tu ya ganda yatachuruzika majimaji ya manjano, machungu kupindukia. Huo ndio utomvu, nao si sawa na ule ute angavu wa katikati tunaojipaka. Utomvu una aloini, na aloini inaharisha. Mnaita kusafishwa, kumbe ni tumbo linalosokota huku mwili ukipoteza maji na potasiamu. Kwa anayetumia digoksini ya moyo, au vidonge vya kupunguza maji mwilini, potasiamu ikishuka mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mjamzito ndiyo kabisa asiuguse. Mwaka 2002 Marekani ilizuia dawa za mshubiri za kulainisha choo kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa. Na panya walionyweshwa dondoo ya jani zima kwa miaka 2 walipata uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Sawa, panya si binadamu. Lakini mimi sitaki watu wangu ndio wawe wa kujaribiwa.

Kwenye ngozi sina ugomvi nao. Ute uliosafishwa vizuri unatuliza ngozi iliyochomwa na jua na majeraha madogo ya moto, ila kwanza mwagia maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Kidonda kirefu au kipana kipeleke hospitali. Jaribu kidogo mkononi kwanza, maana wapo unaowawasha.

Wenye kisukari, nanyi angalieni: ukiunywa juu ya dawa, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Kinachoniuma zaidi ni usiri. Mtu anahara siku kadhaa, anafika kwa daktari, anataja vidonge vyote na kuficha mshubiri kwa kuogopa kufokewa. Jamani, utajeni. Nanyi madaktari, mgonjwa akiutaja msimgombeze. Muulizeni anakunywa kiasi gani na tangu lini.