Mbwa Mwenye Mashine ya Kurudi Zamani Ameniharibia Nyumba

Wanaotengeneza filamu za katuni husema kwamba kazi zao zinafaa kutazamwa na familia nzima, nami ningependa kujua ni nani aliyewaambia kuwa baba si sehemu ya familia. Nasema hivi kwa sababu ya filamu iitwayo Mr. Peabody & Sherman, iliyotoka Marekani mwaka 2014, ambayo kijana wa kibanda cha filamu hapa kwetu Tabata aliniwekea kwenye flashi huku akinihakikishia kwamba haina mambo ya aibu. Kwa watoto ni kweli haina. Aibu yote iliyomo ni ya wazazi.

Kisa chenyewe ni cha mbwa anayezungumza, mwenye akili kupita maprofesa, ambaye amemuasili kisheria mtoto wa binadamu aitwaye Sherman, akatengeneza na mashine ya kusafiri katika wakati ili amfundishe historia kwa kumpeleka kulekule ilikotokea. Sina ugomvi na mbwa kuvaa miwani na tai, ingawa dada yangu mkubwa, aliyekuja kututembelea kutoka Kilosa, alitaka kwanza aelezwe ni nani aliyemruhusu mbwa kukalia kochi. Ugomvi wangu unaanzia darasani. Siku ya kwanza ya shule kinatajwa kile kisa maarufu cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kwamba utotoni aliukata mti wa cheri wa baba yake na alipoulizwa akakiri, kwa kuwa hakuweza kusema uongo. Sherman, ambaye amekwishatembea huko zamani, anaeleza kwamba jambo hilo halikutokea. Na kwa hakika ni kisa cha kutungwa, kilichotiwa kitabuni mwaka 1806 na mwandishi aitwaye Mason Locke Weems, wakati Washington mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1799 na hakuwa na namna ya kubisha.

Binti yangu wa darasa la sita aliacha kutafuna bisi, akageuza shingo taratibu, akanitazama mimi.

Ifahamike kwamba nidhamu ya nyumba yangu imejengwa juu ya mambo yaliyotokea Kilosa katika miaka ya themanini. Mtoto akilalamika kwamba daladala ilijaa na alisimama hadi shuleni, humweleza jinsi nilivyokuwa nikivuka mto Mkondoa alfajiri, madaftari nimeyaweka kichwani, mamba wakinisindikiza kwa macho. Akichagua sabuni, namkumbusha kwamba sabuni ilipoadimika madukani tulifua sare kwa majani ya mpapai, nazo zikang'aa. Akileta ripoti ya shule yenye namba ndefu mbele ya jina lake, namweleza kwamba mimi sikuwahi kuijua nafasi ya pili inafananaje. Hakuna aliyewahi kudai ushahidi, kwa sababu ushahidi uko zamani, na zamani hakuna basi linalokwenda. Nadhani nusu ya malezi ya nchi hii yanaendeshwa kwa utaratibu huu, na yamekuwa yakienda vizuri tu hadi alipotokea mbwa wa Kimarekani akaweka usafiri.

Kibaya zaidi, katika filamu hiyo mashine inatolewa hadharani kwa sababu moja tu: binti mmoja, Penny, anamwita Sherman mwongo, naye anaamua kumwonesha. Wanangu waliipenda sana sehemu hiyo, wakaomba irudiwe. Papo hapo wakaanza kupanga safari ya kwenda Kilosa ya mwaka 1986, saa mbili kasoro asubuhi, wakae ukingoni mwa mto na kusubiri. Niliwaeleza kwa upole kwamba mashine ile ni ya Kimarekani na inahesabu saa Kizungu, kwa hiyo wakiiandikia mbili itawashusha saa nane usiku, watakuta mto hauna hata mwanafunzi mmoja, kisha warudi kunichafulia jina. Mke wangu akasema wataiandikia nane. Sikumbuki kama nilimwomba mchango.

Sehemu ya Misri ilinipa nafuu kidogo, kwa kuwa Penny anaposwa na Tutankhamun, mfalme wa kale wa huko, na dada yangu akataka kujua mahari. Aliposikia kwamba mume akifa mke naye anauawa ili amfuate, nami nikaongeza kwamba Tutankhamun wa kweli alifariki akiwa na umri wa miaka 19 hivi, alisema mshenga wa ndoa hiyo alipaswa kushtakiwa. Nilijaribu kuwashikilia hapohapo Misri. Nikawasimulia jinsi Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza, alivyolifikia kaburi la mfalme huyo mwaka 1922, nikawasimulia dhahabu. Mdogo wao akauliza kama nilikuwepo.

Ndipo ikatajwa sheria ya safari hizo, kwamba msafiri asirudi kamwe katika wakati ambao yeye mwenyewe alikuwepo. Sherman anaivunja, na matokeo yake wakati unachanika na watu wa kale wanamwagika katika mitaa ya New York, Washington akiwa miongoni mwao. Nilisimama. Nikawaambia: mnaona? Sheria hairuhusu.

“Hairuhusu wewe, Baba,” binti yangu akajibu. “Sisi tulikuwa hatujazaliwa.”

Umeme huu ambao hukatika kila ninapotazama fainali ya mpira, na ambao jioni ile ningeusamehe madhambi yote kama ungekatika hata kwa nusu saa, ulitulia kama maji ya mtungi.

“Na Shangazi je?” mdogo wake akauliza.

“Shangazi haruhusiwi pia,” mke wangu akasema, “lakini yeye hahitaji mashine. Alikuwepo. Eti wifi, ule mto aliokuwa akivuka mdogo wako huyu kwenda shule ulikuwa na mamba kweli?”

Dada yangu akaweka chini glasi ya juisi ya ukwaju, akajifunga kanga vizuri.

“Mto gani? Shule si ilikuwa nyuma ya nyumba?”