Ukitaka kumpiga picha mkulima na ardhi yake, weka jembe pembeni

Mwezi wa saba mwaka jana nilipewa kazi ya kwenda kupiga picha familia moja ya wakulima kule Old Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na walionipa kazi walikuwa wameshaandika wanachotaka: baba ameshika jembe anaangalia mbali, mama anacheka amebeba mkungu wa ndizi kichwani, watoto wanakimbia, jua linazama nyuma yao. Basi. Yaani picha zilishapigwa kichwani kwa mtu kabla hata sijapanda gari.

Sasa anayejua kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, anajua tatizo linaanzia wapi. Ukiwa ndani ya kihamba jua likizama hulioni, utalionea wapi, juu yako kuna majani ya migomba, juu ya migomba kuna mringaringa na mruka, huku pembeni kahawa, chini magimbi, na kiazi kikuu kimepanda kwenye mti kama kamba. Na jembe lenyewe siku hiyo halikuwa na kazi yoyote. Jembe liko kule chini tambarare kwenye shamba la mahindi na maharage, huku juu kazi ya kila siku ni panga na mundu. Mzee aliniuliza kabisa, "Kijana, hili jembe nilishike nafanya nini?" Sikuwa na jibu.

Mi nimefanya hii kazi ya picha miaka kumi na moja, na nasema hivi: picha nyingi tunazopiga za wakulima zinaonyesha mkulima na kifaa, au mkulima na mavuno. Ardhi yenyewe inakuwa kama pazia la studio. Ukibadilisha pazia ukaweka la Iringa au Kisii, hakuna atakayestuka. Hiyo ndo inaniuma, kwasababu watu wa mlimani uhusiano wao na kihamba sio wa kulima tu, kihamba ni nyumbani, ni ghala, ni banda na ni makaburi, vyote kwenye eneo ambalo kwa wengi halifiki hata ekari 2.

Nilikaa pale siku nne badala ya moja, hela ya siku tatu nikajilipia mwenyewe. Siku ya kwanza sikupata picha hata moja ya maana, kila nikinyanyua kamera mtu anasimama wima mikono ubavuni kama yuko kwa mpiga picha wa pasipoti. Siku ya pili wakanizoea, mama akawa ananipita tu na ndoo yake. Hapo ndo nikaanza kuona.

Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anachukua shina la mgomba ulioshakatwa ndizi, analikatakata kwa panga, anampelekea ng'ombe, maana ng'ombe wa huku hatoki, anakaa bandani na kila kitu anafuatwa nacho, kuanzia maji mpaka majani yanayobebwa kutoka chini kabisa. Akimaliza anazoa samadi anarudisha kwenye mashina ya migomba, na sio mgomba wowote, anajua ule umekula juzi na huu haujala. Ng'ombe anakula mgomba na mgomba unakula ng'ombe, na katikati yupo huyu mama anayezunguka miaka yote. Nilimpiga picha kutoka nyuma, ameinama, samadi mkononi, uso hauonekani kabisa. Wale walionipa kazi hawakuitaka. Mi naona ndo picha kubwa kuliko zote nilizopiga mwaka ule.

(Kwa wenzangu wa kamera: kihambani mwanga unasumbua sana. Ikifika saa tano saa sita jua linapita kwenye majani linaanguka vipandevipande usoni, shavu moja linaungua lingine liko gizani, af kijani cha majani kinarudi kwenye ngozi mtu anaonekana kama anaumwa. Piga asubuhi ukungu haujaondoka, mwanga unakuwa umelainika wenyewe, na tumia lenzi pana kidogo ili migomba isikatike vichwa. Na usikimbilie kusafisha kile kijani chote kwenye kompyuta, kibakize kidogo, ndo rangi ya pale.)

Siku ya tatu mzee, wote pale wanamwita meku, akanishika mkono bila kuniambia tunaenda wapi. Tukapita nyuma ya nyumba, kwenye kahawa, tukafika kwenye makaburi. Baba yake na mama yake, yamejengewa kwa simenti, na kaburi moja la zamani halina simenti limezungushiwa masale tu. Kwa asiyejua, sale ni ule mmea wa majani marefu ambao kwetu ndo mpaka wa kihamba, na huohuo ukimkosea mtu unampelekea jani lake kuomba msamaha, sio rahisi akukatalie. Meku akaanza kuokota majani makavu juu ya kaburi la baba yake huku anaongea habari za bei ya kahawa, kawaida kabisa, kama mtu anayefuta meza. Nikapiga picha tatu tu nikaishusha kamera.

Ile kahawa aliipanda baba yake, enzi ambazo kahawa ilikuwa inasomesha mtoto mpaka chuo kikuu. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kipo tangu 1933, na wazee wa huku wakikitaja wanakitaja kama wanataja ukoo. Bei zilivyokuja kuporomoka majirani wengi waling'oa mibuni wakaweka nyanya, sasa hivi parachichi. Meku hakung'oa. Alikata mibuni ikabaki visiki ili ichipue upya, na nimepiga visiki vile kwa karibu sana, shina la zamani jeusi lina makovu, machipukizi mawili ya kijani yametokea ubavuni. Anapata kidogo sana kutoka pale, anajua, wanawe walioko Dar wanamwambia kila Desemba wakija.

Na hao wa Desemba nao wanachekwa bure, eti Wachaga wanaenda kula Krismasi. Watu wanalipa nauli iliyopanda, wanakesha barabarani, ili wakalale kwenye nyumba ambayo nyuma yake kalala babu. Ukipiga picha ya familia na ardhi yake ukawaacha nje walioko mjini, umepiga nusu ya familia.

Ila kuna jambo lilinikaa vibaya. Siku ya mwisho nikasema tupige ya pamoja, wasimame popote wanapopenda mbele ya nyumba. Sikumpanga mtu. Meku katikati, watoto wa kiume wawili kulia na kushoto, wajukuu chini, na mama, yule wa saa kumi na moja alfajiri, akasimama pembeni kabisa karibu na banda, na binti yao nyuma yake. Kwa mila yetu kihamba cha nyumbani kinaenda kwa mtoto wa mwisho wa kiume, mkubwa anapewa kwingine, binti anaolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki ileile ya kumiliki ardhi kama mwanaume. Sheria ipo, ila watu walijipanga vile walivyojipanga.

Niliipiga hivyohivyo. Nilijiuliza sana kama ningemwita mama aje katikati, nikaona nikifanya hivyo nitakuwa natengeneza picha nzuri ya kitu ambacho hakipo. Lakini nikamuomba nimpige yeye na binti yake peke yao kule kwenye migomba aliyoilisha. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Wakasimama, hawakucheka, mama akashika mgomba mmoja kama mtu anavyomshika mtoto begani.

Niliporudi niliprinti zote kubwa nikawapelekea mwenyewe, sio za kutumiwa kwenye simu. Ile ya pamoja imening'inizwa sebuleni. Ya mama na binti mama ameiweka chumbani kwake.

Mwezi uliopita binti akanipigia. Akanisalimia, akaniuliza kama bado ninazo picha za masale ya mpakani, yale ya juu karibu na mfongo, ule mfereji wa maji, na yale ya chini. Nikamwambia ninazo zote. Akasema, "Kaka naomba unitumie, na tarehe iandike." Nimemtumia.